Kipande Kilicholegea

Kushiro, 4 Novemba 1979

Wifi Itsuko,

Tumefika. Theluji ya kwanza iliichelewesha treni, na Mihoko alilia kuanzia Obihiro mpaka mlangoni kwetu, abiria wakinitazama kama mtu aliyemfinya. Ryoji alikuwa zamu kiwandani, jiko limezima. Nilimbeba mtoto mgongoni nikawasha mwenyewe. Sasa amelala, nami naandika haraka maana usingizi wake ni wa kuku.

Asante kwa kumtunza Mama. Nalisema hilo kwanza ili usije ukasema sikulisema. Tangu kiharusi kimpige wewe ndiye unayemgeuza, unayemlisha, unayemchana nywele. Mimi niliyetoka tumboni mwake nimekaa siku chache nikaondoka kama mgeni wa matanga. Linaniuma, na sitaki mtu anipoze.

Lililonifanya nishike kalamu ni kile kitambaa cha gome kwenye kitanda cha kufumia, kilichofungwa kwenye nguzo ya chumba cha nyuma. Kile ndicho cha mwisho cha Mama. Gome lake tulilichuna pamoja, yeye na mimi, mwezi wa sita kabla sijaolewa, tukaushukuru mti na kuufunga kiunoni ili upepo usiuvue gome lililobaki. Nyuzi nilizichana mimi kwa kucha, nikaziunga ncha kwa ncha mpaka vidole vikawa rangi ya chai. Nilipokuja mwezi uliopita nilikipapasa. Ni mkono wa Mama mtupu.

Nakuomba usikiguse. Usijifunge ule mkanda. Wewe umejifunza juzi, na si kosa lako, kwenu Muroran hamkulelewa na mambo haya. Lakini unajua kitambaa chetu hakina mbao za kukishikilia: upande mmoja nguzo, upande mwingine kiuno cha mtu. Kiuno kikibadilika, kitambaa kinajua. Nitakuja mwaka mpya nikimalizie.

Na vijiti vile vyote alivichonga Baba alipokuwa anamtaka Mama, mpaka ule upanga wa kugongea uzi, nakshi pande zote mbili. Kwetu vitu kama hivyo huenda kwa binti. Najua hujaviomba. Nasema tu.

Wifi yako,
Sanae


Bonde la Saru, 15 Novemba 1979

Wifi Sanae,

Barua yako aliileta Tetsuo ikiwa imeshafunguliwa, eti alidhani ni yake. Kaka yako huyo, jina langu kubwa namna hiyo juu ya bahasha. Basi yamesomwa na wote.

Mama anakula. Uji kidogo wa mtama, na supu ya samoni nikishamtolea miiba. Mkono wa kulia bado umelala. Maneno yanatoka yamepinda, lakini yanatoka. Ananiita kwa jina lako. Nikimpa kijiko anasema, Sanae, moto. Nikimfunika anasema, Sanae, mlango huo. Mwanzo nilimsahihisha. Siku hizi naitika. Mtu akiitwa kutwa nzima kwa jina la mwenzake, mwisho hugeuka akilisikia.

Kitanda cha kufumia kipo palepale kwenye nguzo. Hakuna aliyekihamisha.

Kuhusu Muroran umesema kweli. Bibi yangu alipokuja kututembelea, mama yangu alishusha mapazia mchana kweupe ili majirani wasizione zile chale nyeusi mdomoni mwake wakatujua sisi ni Waainu, si Wajapani kama wao. Sikushonewa kitu na mtu. Nguo ya gome niliiona kwa mara ya kwanza siku ya arusi yangu, imevaliwa na mama yako. Ile sehemu uliyoandika kwamba si kosa langu nimeisoma na kuirudia. Asante.

Mihoko alisahau nepi zake hapa. Nimezifua nikazikunja, ziko kwenye droo yangu. Nizitume, au zikae tu?

Itsuko


Kushiro, 9 Desemba 1979

Wifi,

Zitume.

Shangazi Toyo amenipigia simu kutoka dukani. Najua simu ya pale inasikilizwa na kijiji kizima, na safari hii kijiji kimesikia vizuri. Anasema alipita kwa mlango wa nyuma kuleta figili, akakuona umeketi mbele ya nguzo, mkanda kiunoni, miguu umeinyosha. Maneno yake haya: "Huyo mkamwana amejifunga kabisa, utadhani kitanda alichongewa yeye."

Nilikuomba, wifi. Sikukuamuru, nilikuomba. Nawe ukanijibu kwamba hakuna aliyekihamisha. Kweli, hukukihamisha. Umekikalia.

Nikuambie jambo ambalo mtu mwenye akili angelificha. Naona wivu. Namwona Mama akikuinamia begani na kukwambia vuta, legeza, usiwe na pupa, kwa ile sauti yake ya puani, na moyo wangu unakunjika kama gome likikaushwa vibaya. Sauti ile ilikuwa yangu. Nilipigwa kwa ule upanga mgongoni kila nilipovuta kwa hasira, na mapigo yale nayo ni yangu. Wewe umekuja mtu mzima ukakuta kila kitu kimeandaliwa, nyuzi zimeshachanwa na mjinga mmoja aliyeolewa mbali.

Mimi huku nanyonyesha, nafua, nachemsha, Ryoji akirudi ananuka karatasi iliyooza na kuuliza kuna nini cha kula. Mikono yangu haijagusa uzi tangu mtoto azaliwe. Usidhani sijui unachokipata.

Ufungue ule mkanda. Nakuja mwaka mpya.

Sanae


Bonde la Saru, 16 Desemba 1979

Wifi,

Nepi zimo humu.

Shangazi Toyo aliona alichokiona. Hakuuliza Mama alikuwa ameketi wapi. Alitazama kiuno changu, akaacha figili, akakimbilia simu.

Uje. Mambo ya kitambaa hayatoshi kwenye bahasha. Na umvalishe mtoto vizuri, barabara ya huku imeshakuwa barafu.

Itsuko


Bonde la Saru, 8 Januari 1980

Wifi Sanae,

Nilikwenda zahanati kuchukua dawa ya Mama. Niliporudi nguzo ilikuwa uchi.

Nilimuuliza Tetsuo. Akajikuna kichwa, akasema, "Ni dada yangu, ningemfanya nini?" Kumbe ndiye aliyekuviringishia kitambaa, akakufungia vijiti kwa kamba na kukusindikiza hadi kituo cha basi. Mwanamume mzima anayeangusha miti ameshindwa na mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Juu ya meza ulikuwa umeniachia mochi, zile keki za mchele za mwaka mpya, na karatasi iliyoandikwa asante kwa yote. Mochi nimewapa kunguru.

Siku zote zile tulikaa pamoja, tukala pamoja, ukanisaidia kumwosha Mama, ukanipongeza hata kwa supu yangu. Nilidhani tunasubiri mmoja wetu aanze kuzungumza. Sikujua mwenzangu anasubiri nitoke.

Nikueleze ulichokiacha. Asubuhi Mama hujikokota mpaka mbele ya nguzo, huketi, na ule mkono wake wa kushoto hupiga hewa. Hupiga, husikiliza, hupiga tena. Nikimrudisha kwenye godoro ananitazama kama mimi ndiye niliyemwibia. Ananiita Sanae, kama kawaida, kwa hiyo labda hajakosea.

Kuna jambo alinikataza kukuambia, na mpaka leo nimelishika. Kirudishe kitanda. Sikiombi kwa ajili yangu. Lakini sitakuficha, nakitaka pia. Tangu nije nyumba hii sijawahi kuwa na mahali pangu isipokuwa pale mbele ya nguzo.

Itsuko


Kushiro, 10 Februari 1980

Wifi,

Umesema mimi ni mwizi kwa adabu nyingi, nami nakujibu kwa adabu hiyohiyo. Binti hamwibii mamaye.

Nilifunga kitanda kwenye nguzo ya jikoni. Nyumba hizi za kiwanda zina nguzo moja tu ya maana. Sitakudanganya kwamba kazi ilikwenda. Jiko la mafuta ya taa linakausha hewa, nyuzi zinakatika hata nikizilowesha, na Mihoko ameanza kutambaa. Nikijifunga mkanda siwezi kuinuka, naye amelijua hilo upesi kuliko alivyojua jina lake. Anakwenda moja kwa moja kwenye maji ya moto, ananigeukia, anacheka. Nafungua mkanda namkimbiza. Nikirudi, mtande umelegea na sikumbuki nilikuwa wapi.

Basi nimekivua kitambaa. Kabla ya kukivua nilikipapasa chote, macho nimefumba, kama Mama alivyonifundisha. Sehemu ya mwanzo, ile ndefu, imekaza, iko sawa ukingo kwa ukingo, unaweza kuimwagia maji yasipite. Huyo ni Mama. Halafu ghafla kinalegea. Ukingo wa kulia unayumba kama njia ya mlevi, mahali pengine uzi umegongwa, mahali pengine umeguswa tu. Hapo ndipo ulipoanzia wewe. Sihitaji Shangazi Toyo kunionyesha. Mtoto wa kwanza kufundishwa anafuma hivyo.

Nimechukua mkasi nikakata hapohapo. Cha Mama kinabaki na binti yake. Chako ni hiki ninachokutumia, hakijapungua hata uzi. Usinilaumu. Nilikuomba usikiguse.

Mihoko ameota jino la pili. Namfunika kwa kitambaa cha Mama akilala mchana, namwambia, ushike mkono wa bibi yako.

Sanae


Bonde la Saru, 17 Februari 1980

Sanae,

Leo sikuiti wifi. Nitarudi kukuita nikishapoa.

Kifurushi kilifika nikiwa namlisha Mama. Akakitambua kabla sijakifungua, kwa harufu. Nilipokikunjua akakivuta mapajani, akakipapasa kwa ule mkono wa kushoto mpaka akafika pale ulipokata. Akapita na kidole kwenye ncha za nyuzi. Kisha akasema neno moja, na safari hii halikupinda hata kidogo: "Nani?"

Sikumjibu. Nakujibu wewe.

Majira ya baridi ya mwaka juzi, ulipokuwa mjamzito na daktari kakulaza, macho ya Mama yalifunga ukungu. Alikuwa haoni uzi. Akanifunga mkanda yeye mwenyewe, akaketi nyuma yangu, kidole chake begani kwangu. Kila jioni alikipapasa nilichofuma mchana, na kilichomchukiza alikifumua chote. Nililia sana ile baridi, wala si kwa uchungu wa mgongo tu. Akaniambia, "Sanae asijue. Akijua sioni atakuja na tumbo lake juu ya barafu." Ndicho alichonikataza kusema. Nilifuma mpaka kilipompiga kiharusi. Ile sehemu ndefu iliyokaza, isiyopitisha maji, ni mimi.

Baada ya kiharusi alikitaka kitanda mwenyewe. Kiuno chake hakikuweza kuvuta. Basi nilijifunga mimi mkanda nikawa kiuno, na yeye akaketi ubavuni kwangu, akipitisha uzi na kuugonga kwa mkono wa kushoto, polepole, bila kuuona uzi, na nusu ya mwili imelala. Kwa hiyo ukingo wa kulia unayumba. Wakati mwingine aligonga, wakati mwingine nguvu zilimwishia akagusa tu. Sikunyosha hata uzi mmoja. Angejua. Shangazi Toyo alipochungulia, Mama alikuwa pale, kafichwa na mlango.

Kile kipande ulichokiita cha mtoto wa kwanza kufundishwa ndicho cha mwisho cha mama yako. Umenirudishia mimi. Cha kwangu unamfunika mwanao.

Najua nilipaswa kusema mapema. Lakini pia nilipofika kwenye yale maneno yako, huyo ni Mama, niliona fahari kubwa mpaka nikaona aibu. Miaka yote hii nasikia Sanae angefanya hivi, Sanae asingekosea hapa. Na Sanae mwenyewe, macho kafumba, hakunitambua.

Kipande cha Mama hakitoki tena nyumba hii. Ukikitaka, kifuate.

Itsuko


Kushiro, 24 Februari 1980

Itsuko,

Nilitaka kukuandikia kwamba unasema uongo. Nilianza hata barua.

Kisha nikaketi na kipande hiki, nikakipapasa tena. Mama akifuma, mwanzo wa kila siku unakuwa mgumu kidogo, kwa sababu yeye huamka na ukali wake. Nilikuwa nalijua hilo tangu utoto. Hapa halipo. Hapa kuna mtu anayeogopa kukosea kuanzia asubuhi mpaka jioni. Nilisikia kukaza, nikasema ni Mama, kwa kuwa nilitaka awe Mama.

Mihoko amenitapikia maziwa juu yake. Nimekifuta. Hilo nalo nakuambia.

Nitakuja theluji ikilegea. Nakuomba siku hiyo uniache na Mama kidogo kabla ya kuzungumza na wewe. Nina hasira bado, na sasa sijui niielekeze wapi.

Sanae


Bonde la Saru, 20 Aprili 1980

Wifi Sanae,

Habari si nzuri. Mama amepigwa tena, usiku wa kuamkia jana. Yuko hai, anameza, anatushika mikono. Lakini maneno yamekwisha. Daktari anasema yasitegemewe kurudi. Tetsuo atakupigia simu kiwandani kwa Ryoji, ila nilitaka ulisome kwangu pia, maana simu inasema jambo halafu inakatika.

Sasa nakuuliza, na ninaona haya kuuliza wakati kama huu.

Ulipokuja mwezi uliopita ulikuja na kipande, hukuja na kitanda. Ulisema kimekuwa kizito na mtoto. Sikubisha. Nilichukua ndoo nikaenda kuchota maji ambayo hatukuyahitaji, nikazunguka mpaka darajani ili mpate nafasi. Niliporudi wewe ulikuwa unalia na Mama alikuwa anacheka, kile kicheko chake cha upande mmoja. Jioni ile hukuniambia kitu. Ulinisaidia kukunja nguo, ukasifu tena supu, asubuhi ukapanda basi. Kipande changu ukarudi nacho.

Alisema nini? Mimi sikuwepo, Tetsuo hakuwepo, na yeye hawezi tena kusema. Umebaki wewe tu. Kama alisema kitanda ni chako, niambie, nami nitaamini na sitakiuliza tena. Nguzo nitaitundikia vitunguu. Lakini usinyamaze. Kunyamaza kwako kunaniuma kuliko neno lolote la wivu ulilowahi kuniandikia.

Itsuko


Kushiro, 2 Mei 1980

Wifi Itsuko,

Hii ni barua ya nne. Tatu za kwanza zimewasha jiko. Katika ya kwanza niliandika kwamba hakusema kitu. Katika ya pili niliandika kwamba alisema ni changu. Niliiandika kwa mwandiko mzuri sana.

Ulipokwenda kuchota maji nilimwekea vipande vyote viwili mapajani. Nikamwambia, Mama, mimi ndiye niliyekata. Akavipapasa, akavilinganisha. Akacheka. Akasema maneno yake yakipinda, lakini niliyaelewa yote: "Mmoja kafuma kama anadaiwa, mmoja kakata kama anadai. Nimefundisha wawili, hakuna hata mmoja aliyenyooka."

Nikamuuliza kitanda ni cha nani. Nilimuuliza kwa sauti ya binti, ile ambayo haijawahi kunikosesha kitu. Akasema, "Kina kiuno tayari. Mwachie." Nikamwambia mimi ni damu yako. Akasema ndiyo, kwa hiyo hukuhitaji kitanda ili nikujue.

Hapo ndipo nilipolia. Aliposikia nalia akanivuta sikio kama mtoto. Akasema vipande viunganishwe, viwe joho moja, mshono upite katikati ya mgongo, na mimi ndiye wa kulidarizi. Nikamuuliza la nani. Nilidhani atasema la Mihoko akikua. Akasema la Itsuko.

Nikamwambia, Mama, huyo nimshonee mimi?

Akasema, "Wewe nimekushonea tangu hujatembea. Yeye nani alimshonea? Anatembea mgongo wazi."

Unajua tunachokitia mgongoni, kwenye kola, kwenye mikono na pindo. Nakshi za miiba, ili kisichotakiwa kisiingie. Na unajua alivyokuwa akituambia, kwamba anayedarizi na kinyongo ni kama anayejenga ua akaacha lango wazi. Kwa hiyo ameniachia kazi ambayo siwezi kuifanya vibaya. Nimekaa na maneno hayo tangu siku ile, wifi. Nayatafuna nikinyonyesha, nayatafuna nikifua. Nikasema akipona atakuambia mwenyewe. Sasa hatakuambia.

Kitanda kimetoka leo kwa treni. Ryoji amekifunga kwenye blanketi, upanga uko katikati. Hakuna kilichovunjika. Nilikishika kwa muda mrefu kituoni, watu wakaniangalia.

Nina wivu bado. Usije ukadhani barua hii imeumaliza. Ila kusema aliyoyasema si hiari yangu.

Nitumie kipande cha Mama. Najua uliapa hakitatoka. Najua pia ninavyoonekana nikiomba, mtu mwenye mkasi. Nitumie pamoja na kipimo cha mabega yako.

Sanae


Bonde la Saru, 11 Mei 1980

Wifi Sanae,

Kitanda kimefika. Nimekifunga kwenye nguzo kikiwa kitupu, nikamleta Mama, nikamwekea upanga mkononi. Aliushika mpaka akalala ameketi.

Barua yako nilimsomea Tetsuo mpaka pale pa mgongo wazi, nikashindwa, akaimalizia yeye. Baadaye akatoka nje kupasua kuni ambazo zilishapasuliwa.

Kipande hiki hapa. Nilikitia kwenye bahasha, nikakitoa. Nilifika posta nikarudi nacho nyumbani. Leo nitamkabidhi karani nigeuke upesi. Tetsuo amenipima mabega kwa kamba, na kamba yenyewe nimekuwekea humo. Anasema nina mabega ya mwanamume. Usiyapunguze kwenye joho kwa ajili ya uzuri, ukanibana.

Sijawahi kushonewa. Sijui mtu husema nini.

Itsuko


Kushiro, 22 Juni 1980

Wifi Itsuko,

Husemi kitu. Unavaa.

Nimeviunganisha. Upande wako umekaza, upande wa Mama umelegea, na mshono hautaki kukaa sawa, unavutwa kwako. Nimelazimika kuuloweka upande wako kwa maji na kuuvuta kwa goti, nikisema maneno ambayo sitayaandika. Mwishowe umekubali. Ukivaa utajua ni upi, maana bega la kulia litakubana kidogo na la kushoto litakuwa huru. Mabega yako ni mapana kweli. Kaka yangu hakusema uongo.

Kitambaa cha buluu cha juu nimekikata kutoka kanzu yangu ya kabla ya ndoa. Nimeanza na mgongo, mizunguko miwili inayotazamana, na kila kona mwiba. Siku za kwanza zilikuwa mbaya. Nilikuwa nashona vizuri, halafu namkumbuka Mama na kidole chake begani kwako ile baridi yote, mimi nimelala hospitali sijui kitu, na uzi unakaza wenyewe. Ukikaza hivyo mwiba unapinda kichwa. Basi nafumua. Nimefumua mpaka kitambaa kimeanza kuonyesha matundu ya sindano, na Ryoji akaniuliza kama nashona au nang'oa.

Sijui kama umekwenda kuchuna gome mwaka huu, au kama kuna mtu amekushikia mti. Mwakani nitakuja mimi. Utachuna, nitafunga kamba. Tutagombana njia nzima, najua, na Shangazi Toyo atapata la kupeleka dukani.

Mwambie Mama mgongo unakwenda. Mwekee mkono wako kwenye ule wake wa kushoto na umwambie hivyo tu, ataelewa.

Leo Mihoko alilala baada ya chakula cha mchana, nikakaa dirishani na joho lako. Nilimwaza Mama, nikakuwaza na wewe, wivu ukaja kama kawaida ukakaa karibu yangu. Sikuufukuza. Nilishona mpaka mtoto akaamka, nikalitandika sakafuni nitazame.

Sijafumua.

Wifi yako,
Sanae